Ungempa mtu huyu jalada la mteja?

Swali: "Shikamoo wakili. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria. Tangu muhula uliopita nimeomba nafasi ya mafunzo ya uwakili katika ofisi 31. Mbili zimenikataa, nyingine zote kimya. Alama zangu ni za katikati, sina ndugu wala jirani aliye wakili, na sijawahi kufanya kazi kwenye ofisi ya sheria. Barua yangu nimeiambatanisha. Je, alama nizitaje au nizinyamazie? Sehemu ya uzoefu nijaze nini wakati sina? Na ni vibaya kupiga simu kuulizia?"

Jibu: Marahaba, na pole. Kukataliwa mtu hulala akaamka. Kimya ndicho kinachomfanya afungue barua pepe saa nane za usiku kuona kama kuna jipya.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma jinsi maombi yanavyosomwa ofisini: nimesimama, nasubiri kuitwa mahakamani, na rundo la nyingine liko chini yake. Haikufika dakika moja. Mara ya pili niliketi, nikajiuliza ule usomaji wa kwanza uliniachia nini kichwani. Jina lako, na kwamba wewe ni "kijana mwenye bidii, ari na shauku ya kutetea haki, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa". Hakuna uongo hapo. Ila sentensi hiyo nimeshaihifadhi, maana huja karibu katika kila bahasha. Na maneno yake ya mwisho hunitia hofu kidogo: mwanafunzi wa uwakili ni mtu ambaye kanuni zenyewe zinataka asimamiwe.

Ngoja nikueleze yanayotokea upande wa pili wa meza.

Siku ya kwanza au ya pili, mwanafunzi hukabidhiwa jalada. Ndani yake mna mkataba halisi wenye saini ambazo huenda zisipatikane tena, stakabadhi za malipo, barua za madai, pengine hati ya nyumba ya mtu ambaye hana nyumba nyingine. Mna pia tarehe. Madai mengi yana ukomo wa muda wa kufunguliwa, na siku hizo huhesabiwa hata jalada likiwa limelala chini ya magazeti ya wiki iliyopita. Utetezi usipowasilishwa kwa wakati, mahakama inaweza kutoa hukumu ya upande mmoja, na mteja mwenye haki yake akashindwa kabla hajafungua kinywa. Hapo hatakuja kugombana na mwanafunzi. Atamfuata wakili, kwa kesi ya uzembe au kwa malalamiko ya nidhamu, na atakuwa na hoja.

Kwa hiyo anayesoma maombi yako hajiulizi sana kama una akili. Cheti cha chuo kitasema hayo. Anajiuliza: huyu nikimpa jalada Ijumaa jioni, mimi nitalala? Lishike hilo swali, kisha turudi kwenye yako moja moja.

Tuanze na uzoefu, maana ndiko ulikojiumiza zaidi. Unasema huna. Lakini mwishoni kabisa mwa wasifu wako, chini ya kichwa cha "Mengineyo", kuna mstari mmoja: mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa sheria, miaka 2. Dada yangu, hicho ndicho kitu kizito kuliko vyote ulivyoandika, na umekizika kaburini pamoja na kupenda kusoma na kusikiliza muziki! Mtu aliyeshika fedha za wenzake miaka 2 na zikaonekana mwishoni ameshafanya, kwa udogo wake, kazi tunayomtakia mwanafunzi: kutunza mali isiyo yake, kuandika kila kinachoingia na kutoka, na kusimama mbele ya watu kueleza. Wakili naye ana akaunti ya fedha za wateja, ambayo haichanganywi na fedha za ofisi hata kwa nusu saa. Mawakili wengi waliofutwa kwenye orodha, katika nchi nyingi, waliponzwa na akaunti hiyo. Mwajiri akiona umewahi kushika fedha za watu na ukatoa hesabu, atasoma mstari unaofuata.

Unajua kanuni ya ushahidi: anayedai ndiye anayethibitisha. "Mwaminifu", "makini", "mchapakazi" ni madai. Kila moja lije na kielelezo chake, na lisipokuwa nacho liondoe. Badala ya sentensi yako ya kwanza ningetaka kuona kitu cha namna hii (maelezo nimeyabuni, wewe weka yako ya kweli):

"Kwa miaka 2 nimekuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa sheria. Nilipokabidhiwa daftari, mapato ya miezi 3 hayakuwa yameandikwa. Nilizikusanya stakabadhi upya, nikazilinganisha na taarifa ya benki, na tofauti iliyobaki nikaiandikia maelezo yaliyosomwa kwenye mkutano mkuu."

Hakuna sifa hata moja humo. Sifa atazitoa msomaji mwenyewe, na akizitoa mwenyewe ataziamini. Angalia pia kwamba haidai kila kitu kilinyooka: kuna tofauti iliyobaki, na kuna mtu aliyeieleza badala ya kuifunika. Kwangu hiyo tofauti ina thamani kuliko hesabu iliyokaa sawa.

Pitia maisha yako kwa jicho hilo. Aliyesaidia dukani kwa mzazi wake amewahi kumtuliza mteja aliyekasirika. Aliyefundisha watoto masomo ya ziada amewahi kueleza jambo gumu kwa mtu asiyelijua, na hiyo ni nusu ya kazi ya kumshauri mteja. Aliyeuguza mzazi hospitalini anajua kufuatilia faili kutoka dirisha hadi dirisha, na atakapotumwa masjala hatarudi kusema "wamesema nije kesho" bila kuuliza ni nani aliyesema na kwa nini. Hayo yote ni uzoefu, ilimradi uyaandike kwa ukweli na kwa kipimo chake. Usimwite mzazi wako "mkurugenzi mtendaji" wa duka.

Kama unataka uzoefu wa sheria yenyewe kabla ya kutuma maombi mengine, upo wa bure. Mashauri mengi husikilizwa katika mahakama ya wazi, na mtu yeyote mwenye adabu anaweza kuingia na kukaa nyuma. Kaa wiki mbili. Usitazame mawakili hodari tu, maana hao wanavutia lakini hawafundishi haraka. Mtazame yule anayeomba kuahirishiwa shauri huku jalada lake limevurugika, na uone hakimu anavyobadilika uso. Andika ulichokiona. Siku ya usaili ukiulizwa kwa nini unataka kazi hii, utakuwa na jibu ambalo wenzako waliokuja na "tangu utotoni nilipenda haki" hawana. Mahakama ya kuigiza ya chuo na kliniki ya msaada wa kisheria nazo zina uzito, hasa kliniki, kwa kuwa humo unakutana na mtu mwenye shida halisi ambaye hajui kwamba shida yake inaitwa "uvunjaji wa mkataba".

Ila hapo kwenye kliniki nikuonye. Mwaka mmoja tulipokea maombi mazuri sana, alama za juu, barua safi. Mwombaji aliambatanisha sampuli ya uandishi wake: hati ya maombi ya talaka aliyosaidia kuandaa kliniki, ikiwa na majina ya mume, mke na watoto, pamoja na sababu zote za kuachana. Hati yenyewe ilikuwa imeandikwa vizuri. Tulimkataa siku hiyohiyo, na nilikaa na ile karatasi mkononi nisijue niirudishe au niichane. Siri ya mteja haianzi siku ya kuapishwa. Sampuli ukiombwa, toa insha ya darasani au andiko la mahakama ya kuigiza, na kama ni lazima itoke kliniki, uombe ruhusa ya msimamizi na ufute kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Kwenye wasifu andika "nilisaidia kuandaa maombi ya matunzo ya mtoto", basi.

Alama. Zitaje. Ukizinyamazia, msomaji hukisia, na wanasheria tumefundishwa kukisia vibaya mtu anaponyamaza mahali alipotakiwa kusema. Isitoshe, nakala ya matokeo utaombwa mbele ya safari. Taja jumla yake kisha onyesha ndani yake mna nini: nimeona sheria ya ushahidi na uandishi wa hati umefanya vizuri kuliko wastani wako. Hayo ndiyo masomo yanayotumika kila siku ofisini, kwa hiyo yaseme. Kama kuna muhula ulioanguka kwa ugonjwa au ada, sentensi moja inatosha. Aya nzima inaanza kufanana na ombi la huruma. Na usithubutu kuinua alama hata kwa pointi moja. Katika nchi nyingi mwenendo wa mwombaji huchunguzwa kabla hajaandikishwa kuwa wakili, na uongo mdogo wa miaka mitatu nyuma una tabia ya kuibuka siku hiyo, mbele ya watu wasio na haraka.

Sasa hizo ofisi 31. Nimecheka kidogo, nisamehe. Najua ulitoka wapi: ulidhani ukitupa nyavu nyingi utapata samaki mmoja. Lakini ulituma barua ileile, na nyavu yako ilikuwa na tundu moja kubwa mahali palepale. Chagua 8, na kila moja uipe jioni nzima.

Jioni hiyo ufanye nini? Usisome tovuti ya ofisi peke yake. Huko kila ofisi ni "inayoongoza" na "inayomjali mteja". Soma hukumu. Hukumu iliyochapishwa mara nyingi hutaja mawakili waliofika kwa kila upande, na hukumu zinapatikana bila malipo kwenye intaneti: TanzLII kwa Tanzania, Kenya Law kwa Kenya, ULII kwa Uganda, SAFLII kwa Afrika Kusini na jirani zake, BAILII kwa Uingereza na Ireland. Tafuta jina la ofisi au la wakili wake. Baada ya saa moja utajua kama wanashughulika na migogoro ya ardhi, bima au kazi, kama huwakilisha benki au wanaodaiwa na benki, na kama wana mazoea ya kukata rufaa. Kisha soma hukumu moja vizuri na uiguse kwenye barua yako kwa sentensi moja au mbili, bila kumpamba mtu. Mwombaji mmoja aliwahi kuniandikia kwamba alisoma shauri tuliloshindwa, na angependa kujua kwa nini hatukuleta shahidi fulani. Nilimwita kwa usaili kabla sijamaliza ukurasa. Ofisi zisizokwenda mahakamani, zinazoandika mikataba na kusajili kampuni, hutaziona huko. Hizo waulize waliofanya mafunzo humo mwaka jana.

Kipimo ni rahisi: funika jina la ofisi kwa kidole. Kama barua bado inaweza kwenda kwa jirani yao, haijaisha. Na ukiibadilisha kwa ajili ya jirani, badilisha kweli. Nami niliwahi kuwa kijana. Niliandika "nitafurahi sana kujiunga na" kisha likafuata jina la ofisi ya mtaa wa pili. Wakili aliyeipokea alinirudishia barua akiwa amepigia mstari jina hilo kwa wino mwekundu, bila neno lingine. Nilistahili.

Barua iwe ukurasa 1, wasifu kurasa 2 zikizidi sana. Sahihisha kwa kuisoma kwa sauti, kisha mpe mtu asiyejua sheria. Kosa la herufi kwenye barua ya mapenzi linasameheka. Kwenye barua ya anayeomba kuandika mikataba, halisameheki.

Kuhusu programu za akili bandia, hukuuliza lakini nimeuona mkono wake katika aya yako ya tatu. Kuitumia kusahihisha sarufi sina neno. Kuiachia ikuandikie ndiko kunakozaa zile barua zinazofanana, na hatari haiishii hapo. Mwaka 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca huko New York, mawakili wa mdai waliwasilisha hoja zenye marejeo ya kesi ambazo hazijawahi kuwapo duniani. ChatGPT ilizitunga, wao hawakuzihakiki. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Tangu hapo mawakili wakubwa wanaulizana kuhusu vijana wao: huyu huhakiki? Ukitaja hukumu kwenye barua, uwe umeifungua na kuisoma kwa macho yako.

Muda wa kuomba nao unategemea uko wapi na unataka ofisi ya namna gani. Kenya, mafunzo chini ya wakili ni miezi 6, na msimamizi anatakiwa awe wakili wa angalau miaka 5. Ujerumani ni miaka 2 kati ya mitihani miwili ya serikali, ikigawanyika kati ya mahakama, ofisi ya mwendesha mashtaka, utawala na ofisi ya wakili. Uingereza na Wales, tangu Septemba 2021 miaka 2 ya uzoefu inaweza kukusanywa katika ofisi zisizozidi 4, na kazi ya kliniki au ya msaidizi wa sheria huweza kuhesabiwa; lakini kampuni kubwa za huko bado huchagua vijana wao takriban miaka 2 kabla ya kuanza. Kwako wewe, zisome kanuni za chombo kinachosimamia mawakili wa nchi yako kabla ya kukubali nafasi yoyote. Nimeona kijana aliyetumikia miezi yote kwa moyo, halafu akaambiwa msimamizi wake hakuwa na sifa za kusimamia. Alianza upya. Kwa hiyo nafasi ikipatikana, uliza waziwazi: nani atanisimamia, amekuwa wakili muda gani, nani atasaini fomu zangu, na kuna posho au hakuna. Anayechukia kuulizwa hayo amekujibu tayari.

Ofisi ndogo, za mawakili wawili watatu, mara nyingi hazitangazi nafasi. Huchukua mtu siku kazi inapowazidi. Kati ya 8 zako, ziwe angalau 4 za namna hiyo. Utajifunza kufungua shauri, kumsikiliza mteja na kukimbizana na karani wa mahakama ndani ya mwezi mmoja, wakati mwenzako wa kampuni kubwa bado anapanga kurasa za mkataba mmoja.

Usaili sitausemea sana. Mavazi safi na kufika mapema unayajua. Jambo moja tu. Wengi wetu humpa mwombaji kisa kifupi ili tumwone anavyofikiri. Mfano: mtu anapiga simu, anataka umsikilize mara moja, anaidai kampuni fulani, nawe unakumbuka kuliona jina la kampuni hiyo kwenye majalada ya ofisi. Ufanye nini? Vijana wenye alama za juu huanza kueleza sheria ya madai. Jibu ninalolitafuta ni dogo: nitamzuia kwa upole asinieleze undani wa shauri lake, nitachukua jina lake na la anayemdai, nitamwambia atapigiwa, kisha nitakwenda kwa msimamizi tuangalie mgongano wa maslahi. Akishakumwagia siri zake, huenda ofisi ikalazimika kujitoa kwa wote wawili. Na swali usilolijua, sema "silijui, ningeanza kuangalia sheria fulani", ukanyamaza. Aliyebuni jibu mbele yangu atabuni jibu mbele ya mteja.

Mwisho, simu. Si vibaya. Subiri siku kumi za kazi baada ya tarehe ya mwisho ya maombi, au wiki tatu kama hakukuwa na tarehe. Piga asubuhi kabla ya mahakama kuanza, au alasiri. Usiombe kuzungumza na mwenye ofisi. Zungumza na katibu muhtasi, mwamkie vizuri, muulize jina, umtajie lako na siku uliyotuma, kisha uulize kama maombi yamefika na lini unaweza kutarajia jibu. Liandike jina lake, kwa sababu mara nyingi baada ya simu kukatwa wakili humuuliza yeye: "Yule aliyepiga, yukoje?" Zile ofisi mbili zilizokukataa nazo ziandikie mistari mitatu ya shukrani, uulize kama kuna jambo moja la kurekebisha. Moja ikijibu, niletee jibu lake pamoja na barua mpya, nitaisoma tena nikiwa nimesimama.